Shajara ya Mguu wa Kushoto

Jumatatu, 9 Juni 2025. Sae, Mbeya

Niliruhusiwa kutoka hospitali Ijumaa. Mke wangu ameninunulia kaunta buku ya kwaya mbili ili mambo yangu niyaandike humo badala ya kumweleza yeye.

Kwa kumbukumbu: Jumamosi ya tarehe 17 Mei, asubuhi, nilikuwa nateremka Mlima Nyoka kwa baiskeli kurudi Uyole. Mbele yangu kulikuwa na guta la viazi mviringo. Gunia la juu lilikuwa lumbesa, yaani limejazwa mpaka shingoni, kisha likaongezewa kichwa cha pili na kusukiwa kamba. Lumbesa imepigwa marufuku miaka mingi. Kamba ikakatika. Nilikwepa viazi kumi na moja. Nilivihesabu, kwa sababu wakati ule muda ulikuwa unakwenda taratibu. Cha kumi na mbili ndicho kilichonivunja paja la kushoto.

Daktari wa mifupa ameniwekea fito ya chuma ndani ya mfupa. Fundi wetu wa baiskeli aliitazama kwenye picha ya eksirei, akaigeuza picha dirishani mara tatu, akasema chuma hicho ni kizuri kuliko cha fremu yangu.

Kundi letu la waendesha baiskeli lina watu arobaini na mmoja, wengine Mbeya, wengine Iringa, wachache Makambako katikati. Wengi hatujawahi kuonana. Tunatumiana picha, na picha zote ni za baiskeli. Kwa hiyo mtu akibisha hodi simjui mpaka nichungulie dirishani nione amekuja na nini.

Wageni wa leo: sita. Walicholeta: viazi mviringo, ndoo mbili na kiroba.

Jumanne, 10 Juni

Choo chetu ni cha kuchuchumaa, nacho kiko uani. Mguu wangu haukunjiki. Utaratibu tunaoutumia tangu Ijumaa sitauandika hapa, maana daftari hili watoto watalirithi.

Mchana alikuja Fundi. Hakusalimia sana. Alichomoa spoku mfukoni, akanipima nikiwa nimelala: nyonga hadi goti, goti hadi kisigino, mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Akarudia wa kushoto. Akasema, "Mwalimu, huu umepungua unene wa kidole kidogo." Nikamwambia daktari hajasema hivyo. Akajibu kwamba daktari hajanipima kwa spoku. Akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 12 Juni

Katibu wa kundi amekuja kunifariji. Amechagua siku ya leo makusudi: tarehe kama hii, mwaka 2019, Chris Froome alivunjika paja huko Ufaransa. Katibu anampenda Froome kwa sababu alizaliwa Nairobi na baiskeli akafundishwa na David Kinjah, Mkenya mwenye rasta, kabla ya kwenda kushinda Tour de France mara nne. Anamzungumzia kama mtoto wa shangazi yake aliyefanikiwa.

Nikauliza ilikuwaje. Alikuwa anaikagua njia ya mashindano, kasi zaidi ya kilometa 50 kwa saa, akaachia usukani mkono mmoja apenge kamasi. Upepo ukamchukua, akaingia ukutani. Paja, kiwiko, mbavu.

Nilijisikia nafuu kidogo. Kiazi si kitu cha heshima, lakini si kamasi.

Halafu akanisimulia Mmarekani Greg LeMond, ambaye mwaka 1987 alipigwa risasi na shemeji yake wakiwinda bata mzinga, na mwaka 1989 akashinda Tour kwa tofauti ya sekunde 8. Na Biniam Girmay wa Eritrea, aliyeshinda siku moja ya Giro d'Italia, akafungua chupa ya mvinyo jukwaani, kizibo kikamruka jichoni, akatoka mashindanoni. Miaka miwili baadaye Girmay alishinda mara tatu katika Tour moja na kuvaa jezi ya kijani. Katibu alitaka nijifunze kitu hapo. Nikamuuliza kizibo kilikuwa tarehe ngapi. Akatafuta kwenye simu. 17 Mei.

Kizibo na kiazi, tarehe ileile. Mimi nafundisha Jiografia, sishughuliki na mambo ya nyota. Nimeliandika tu.

Jioni wanafunzi wangu wanne walikuja kunijulia hali. Mmoja akaniambia kwamba Froome, baada ya ajali ile, hakushinda tena Tour. Nikamshukuru.

Jumamosi, 14 Juni

Fundi ameleta kiti.

Amekichomelea kutoka fremu mbili za baiskeli kuukuu, zilizokatwa na kuunganishwa mgongo kwa mgongo. Miguu minne ni uma za mbele, na chini amezivisha vipande vya tairi zisiteleze. Mahali pa kukalia ni rimu ya baiskeli ya mtoto, imeondolewa spoku zote na kuzungushiwa mpira wa ndani uliojazwa upepo kiasi. Pembeni kuna usukani wa kushikilia wakati wa kukaa na wa kuinuka. Kinakaa juu ya tundu la choo bila kutikisika. Nimewahi kukalia viti vya ofisi za serikali ambavyo havikufikia hapo.

Kasoro ni moja. Usukani ulikuwa na kengele na hakuitoa. Anasema nikikwama nitaigonga.

Nimeigonga mara moja, saa moja jioni, kwa bahati mbaya, wakati wa kuinuka. Wamekuja mke wangu, watoto wawili, mama mwenye genge, na Mwenyekiti wa kundi aliyekuwa anapita njiani.

Jumatano, 18 Juni

Mhazini amekuja na daftari la michango. Alikaa kitako, akavaa miwani, akanisomea jina kwa jina, ingawa anajua kwamba majina siyajui. Akabadilisha, akasoma kwa baiskeli. "Phoenix nyeusi ya Kihesa, elfu tano. Ile nyekundu yenye karia mbili, elfu kumi. Mtumba wa bluu wa Mafinga, ahadi."

Fedha taslimu zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea, na hapo nilijifanya natazama nje. Makato ya kutuma na kutoa ameyaandika kwa kalamu nyekundu. Vitu: pampu moja, tyubu mbili, siti iliyotumika, helmeti. Nikauliza helmeti ni ya nini sasa. Akasema mtoaji ametoa alichokuwa nacho.

Nikasaini kwamba nimepokea, pamoja na ahadi.

Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wenye kanuni. Kanuni ya saba inasema mwanachama akiumia, kila mwanachama atachangia shilingi 5,000. Akaniuliza kama mimi ni mwanachama. Nikasema ndiyo. Akanyamaza, kalamu mkononi.

Nimelipa. Amenipa risiti.

Ijumaa, 20 Juni

Imeaminika katika kundi kwamba supu ya makongoro inaunga mifupa. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Leo zimefika sufuria tano, saa nne hadi saa saba. Ya kwanza niliinywa kwa furaha. Ya tatu niliinywa mbele ya mletaji, ambaye hakuondoka mpaka aone chini ya bakuli. Ya tano imenywewa na jirani, ambaye hajavunjika popote.

Jumanne, 24 Juni

Baridi ya Mbeya mwezi huu haina adabu. Leo ukungu ulishuka kutoka Loleza ukakaa uani mpaka saa nne. Watu wananiuliza kama chuma cha ndani kinapata baridi. Sijui nikithibitishe vipi.

Jana jioni, hodi. Nikachungulia: baiskeli ya kijani, tairi nyembamba, usukani umefungwa utepe mweupe. Nikaitambua mara moja, ni ya Iringa. Nimeiona ikiwa imeegemezwa mbele ya kila mnara na kila kibao cha barabarani kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Tunduma. Mwenyewe ni mzee wa miaka sitini na kitu. Sikutegemea. Nikampa shikamoo nikiwa nimelala.

Alikuwa ametoka Iringa juzi alfajiri, zaidi ya kilometa 300, akalala Makambako. Upepo wa Makambako, anasema, ulikuwa unamrudisha nyuma, na kuna mahali alishuka akakokota baiskeli kwenye tambarare. Amekuja kunipa pole. Alitoa pole, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akasinzia, akalala ubavu. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwamsha. Alilala saa kumi na moja mfululizo.

Mimi nimelala kwenye kochi, mguu juu ya ndoo ya viazi.

Asubuhi alikula viazi, akauliza nilivunjikaje. Nikamwambia. Akaangalia sahani yake muda mrefu, kisha akamaliza. Ameondoka kwa basi, baiskeli ikiwa juu.

Jumapili, 13 Julai

Tarehe 7, Sabasaba, nilikwenda kliniki. Mfupa umeanza kuunga. Kwenye picha unaonekana kama ukungu mweupe pembeni ya chuma. Mtaalamu wa mazoezi tiba amenipa zoezi: kulala chali, mguu umenyooka, kuuinua kiasi cha shubiri mbili, kuhesabu hadi tano, kuushusha. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Mara ya kwanza niliuinua mara mbili, nikatokwa jasho kama niliyepanda Kitonga na gunia.

Nilifanya kosa la kumwambia Katibu. Katibu akawaambia wote. Kwa moyo wa mshikamano, kundi zima limeamua kufanya zoezi hilohilo pamoja nami kila jioni saa mbili, na Mwenyekiti, ambaye maisha yake yote ni kupanga watu kwa nafasi, akaanza kutoa matokeo.

Matokeo ya wiki: wa kwanza, ile Phoenix nyeusi ya Kihesa, mara 640. Mimi ni wa 39 kati ya 41. Wa 40 alikuwa msibani Tukuyu. Wa 41 ni yule mtumba wa bluu wa Mafinga, ambaye Alhamisi aliinua miguu yote miwili kwa pamoja apate alama mara mbili, akajitegua mgongo. Yuko kitandani.

Mhazini amepita saa kumi. Kanuni ya saba. Nimelipa.

Ijumaa, 18 Julai. Iringa

Dada yangu anakaa Kihesa na ana choo cha kukaa. Familia imeamua nihamie kwake kwa muda. Niliwaambia Fundi atajisikia vibaya, wakasema basi nenda na kiti chako. Kwa hiyo nimesafiri na kiti cha choo kwenda kwenye nyumba yenye choo.

Kondakta alikitazama sana akauliza ni mashine ya nini. Kikawekwa kwenye buti la basi pamoja na ndizi. Kengele hatukuifunga kitambaa. Barabara ya Mbeya hadi Iringa ina matuta kila penye kijiji, na kila tuta kengele ililia chini ya miguu yetu. Igurusi ililia, Chimala ililia, Igawa ililia. Abiria wa mbele alidhani kuna mtu anaomba kushuka, na dereva alisimama mara mbili kabla ya kuelezwa.

Mimi nilikaa kiti cha njiani, mguu umenyooshwa kwenye ujia. Kila aliyepita aliuruka na kusema samahani, pole, samahani. Makambako wachuuzi walipanda na mahindi ya kuchemsha na kushuka wakiwa wamenipa pole nyingi kuliko walivyouza mahindi.

Wenzetu wa Iringa waliahidi kunipokea. Walikuwa stendi ya Igumbilo, baiskeli tisa, wamepanga mstari. Mimi dada aliniambia nishuke Ipogoro. Tukapigiana simu: nyie mko wapi, sisi tupo, wewe uko wapi, mimi nipo. Walipofika Ipogoro nilikuwa nimeshawekwa kwenye bajaji, mgongo upande mmoja na mguu wa kushoto umetokeza nje upande wa pili, kiti kikiwa mapajani. Dereva wa bajaji ni mtu wa sheria. Mzigo unaotokeza lazima uwe na alama. Akanifunga kitambaa chekundu kwenye kidole gumba.

Mlima wa kutoka Ipogoro kupanda mjini unajulikana. Bajaji ilipanda kwa mwendo wa mtu anayetafuta funguo. Baiskeli tisa zilitupita, zikatusubiri Miyomboni. Watu kando ya barabara walisimama. Mama mmoja alivua kanga kichwani kwa heshima, nadhani alidhani ni msiba.

Jumatano, 23 Julai

Hapa salamu ni "kamwene", na inajibiwa "kamwene", na haiishi hapo. Inaendelea kwa nyumba, mifugo, mashamba na waliolala. Mgonjwa hasamehewi. Leo wageni wanane, salamu peke yake dakika arobaini. Hakuna aliyeleta kiazi. Wameleta mahindi, na mmoja ulanzi alioutoa nyuma ya dada yangu.

Shemeji, mume wa dada, amejitolea kuniendesha kokote nitakako. Ni mtu mwema. Nimemuuliza tu kama huwa anawinda. Akashangaa.

Kiti kiko stoo. Dada ameweka ndani yake beseni la vitunguu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Wa Mbeya wameniletea kwenye simu picha kutoka viwanja vya John Mwakangale. Ni kiazi mviringo, kikubwa kama kichwa cha mtoto. Chini wameandika: "Tumekukumbuka."

Jumanne, 12 Agosti

Ninatembea kwa magongo mawili mpaka barabarani. Shemeji amenipeleka kwenye mkahawa wa Neema Crafts, karakana iliyoanza mwaka 2003 ambako watu wenye ulemavu wanafuma, wanashona na kutengeneza karatasi. Mkahawani wanaohudumia ni viziwi. Unaandika unachotaka, au unaonyesha.

Nilitaka kuonyesha. Nikaachia gongo la kulia ili mkono uwe huru. Gongo likaanguka juu ya sakafu kwa kishindo ambacho wateja wote walikisikia, na wote wakashtuka, na wote wakabaki wamekaa wakilitazama. Wa kwanza kuliokota ni mhudumu, ambaye hakusikia kitu. Alikuwa ananiangalia tu tangu niingie. Akaliegemeza, akanipa karatasi na kalamu, akaonyesha kwa kidole: andika. Niliandika "chai ya maziwa" kwa mwandiko wa ubaoni, akatabasamu, nikaletewa chai ya maziwa.

Nje kulikuwa na mtu kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono. Fremu imepakwa rangi ya chungwa, cheni imepakwa mafuta vizuri, nikamsifia cheni. Akauliza mguu. Nikasema kiazi. Akacheka mpaka akashika breki. Kisha akaniambia nikichoshwa na miguu nijaribu mikono, akageuza, akapanda mlima. Nilijaribu kumfuata na magongo kama mita ishirini, bila sababu yoyote. Aliniacha kabla ya kona.

Jumapili, 24 Agosti

Gangilonga. Kwa Kihehe ni jiwe linalosema, na liko juu ya mji. Mtu mzima wa miguu miwili analipanda kwa matembezi ya jioni. Wa Iringa walisema ni zoezi zuri. Gongo moja, wasindikizaji saba.

Nilifika theluthi moja. Hapo likazuka jambo la njia ya kunibeba: wawili wakisema mgongoni, watatu wakisema machela ya magongo, mmoja akisema nirudi nyuma kinyumenyume kama gari. Walibishana robo saa. Wakati huo nilikuwa nimekaa juu ya jiwe lenye jua, mji wote chini, mabati yanametameta mpaka Mkwawa. Wiki nyingi sikuwa nimekaa mahali bila mtu kuniuliza naendeleaje.

Tukashuka kama tulivyopanda. Jiwe halikusema kitu.

Jumatatu, 8 Septemba. Mbeya

Nimerudi Ijumaa, na kiti. Kliniki leo. Daktari ameridhika na mfupa. Akanilaza, akachukua futi, akapima miguu yote miwili, akarudia wa kushoto. Umepungua kama sentimeta moja, akasema. Ni kawaida, niongeze soli.

Nimepita kwa Fundi kumwambia. Hakushangaa wala hakufurahi. Alishaitengeneza. Ni katambuga, za tairi la lori, mishipi minne, misumari imelazwa vizuri ndani isichome. Moja ina soli mbili. Alikuwa ameikata mwezi Juni.

Nimezivaa siku nzima. Nilijisikia kama mtu anayetembea mguu mmoja mtaroni, lakini nikajiambia ni suala la kuzoea. Jioni mke wangu aliniambia nisimame wima mlangoni. Akatazama. Soli mbili ziko mguu wa kulia.

Fundi amezichukua. Anasema mimi nilikuwa nimelala na yeye alikuwa amesimama upande wa miguuni, kwa hiyo kushoto ilikuwa kulia.

Jumapili, 28 Septemba

Siku ya Kigali. Mashindano ya dunia ya baiskeli yamefanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na leo ilikuwa zamu ya wanaume, kilometa 267.5. Kundi lilikubaliana kutazamia kwangu, ili nisijisikie nimeachwa.

Mbio zilianza saa tatu na dakika 45 kwa saa za Kigali. Kigali iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo kwetu ni saa nne na dakika 45. Nimewafundisha Jiografia watoto wa watatu kati yao. Mwenyekiti alitoa saa badala ya kuongeza. Watu kumi na wanne walifika saa mbili na dakika 45. Chai iliisha saa tatu na nusu. Mkate uliisha kabla ya chai.

Tulitazama kwenye simu ya Katibu, imeegemezwa kwenye birika. Kwa umbali huo waendeshaji walikuwa kama mchanga wa rangi. Tadej Pogačar alishambulia mapema kuliko mtu mwenye akili anavyoshambulia, na zaidi ya kilometa 60 za mwisho alikuwa peke yake. Chumba kikanyamaza. Hapo bando likaisha.

Katibu akamgeukia Mhazini. Mhazini akasema mfuko ni wa majeruhi. Mwenyekiti akasema mwenye nyumba ni majeruhi. Mhazini akafungua ukurasa wa kanuni, akasoma zote, moja hadi kumi na nne, kwa sauti. Mwisho nikanunua bando mimi. Iliporudi picha, Pogačar alikuwa amevaa medali.

Waliomaliza ni 30 tu. Wengine wote waliacha njiani. Mhazini alilirudia jambo hilo mara kadhaa. Alikuwa anapiga hesabu ya kanuni ya saba.

Jumamosi, 4 Oktoba

Daktari amekubali baiskeli, mahali tambarare, polepole. Mbeya haina tambarare, lakini kutoka kwangu hadi kwenye genge la tatu kuna mita kama mia nne zinazokaribia.

Walikuja kumi na tisa, wanne kutoka Iringa. Mpangilio wa Mwenyekiti: wanane mbele, kumi nyuma, Fundi akikimbia kwa miguu pembeni yangu, ameshika siti. Mwisho kabisa guta limebeba kiti cha choo, kwa tahadhari. Nilivaa katambuga, soli mbili kushoto, na helmeti ile ya mchango, ambayo ni ya mtoto.

Mizunguko kumi ya kwanza goti lililia kama bawaba. Ya kumi na moja liliacha. Fundi aliachia siti bila kusema. Nilijua kwa sababu pumzi yake ilibaki nyuma.

Karibu na genge la pili, mzee mmoja alitokea njia ya pembeni akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi mviringo. Lumbesa. Mwenyekiti akapaza sauti: "Simama!" Wanane wa mbele wakasimama. Mimi helmeti ilikuwa imeniziba masikio. Nilimpita mzee, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikafika genge la tatu nikiwa peke yangu, nikanunua nyanya za elfu moja.

Nilipogeuka, wale kumi wa nyuma walikuwa wamewaingia wanane. Wengi waliinuka wakijipangusa. Katibu hakuinuka. Ni kifundo cha mguu, kimevimba kama embe. Mzee wa lumbesa alikuwa ameegemeza baiskeli yake salama na anamsaidia kuvua kiatu. Hakuna kiazi hata kimoja kilichoanguka.

Katibu ameondoka kwenye guta, amekalia kiti. Fundi alikuwa ameshachomoa spoku. Kengele ilisikika mpaka walipokata kona ya Mafiati.

Jumapili, 5 Oktoba

Mhazini, saa moja asubuhi. Nimelipa.

Mchana nitakwenda kumwona Katibu. Mke wangu ameshajaza ndoo. Ameosha viazi kabisa, na juu ameweka kitambaa.